Jiwe la Kaunta Linalovumilia Ndimu na Maji ya Chumvi

Kabla ya kutazama rangi, tazama kinachomwagika. Kwenye jiko la kawaida la Mombasa ni ndimu ya samaki, ukwaju, tui, manjano, mafuta ya karai, chai ya maziwa, na maji ya kisima ambayo yakikauka huacha duara jeupe. Jiwe la kaunta huharibika kwa njia mbili zisizofanana: asidi hula uso wake, au kitu cha majimaji hupenya kwenye vinyweleo vyake kikaacha doa. Anayechanganya mambo haya mawili hununua dawa isiyo na kazi, kisha hulaumu jiwe.

Mawe yanayouzwa na tabia zake

Graniti imeundwa hasa kwa madini ya kwatzi na feldispa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, iko baina ya 6 na 7, kwa hiyo kisu cha jikoni hakiichani. Kisu ndicho kitakachopoteza makali. Ndimu na siki haziili. Udhaifu wake ni vinyweleo: graniti nyingi za rangi nyeupe na krimu hunywa mafuta na manjano usipoziba vinyweleo hivyo. Nyingine za rangi hafifu zina chembe za chuma ndani, na kwa hewa yetu ya bahari chembe hizo hutoa vidoa vya kutu vya manjano baada ya muda. Kidoa kinachotoka ndani ya jiwe hakifutiki kwa kitambaa.

Marumaru ni kalsaiti, madini yaleyale yaliyomo kwenye matumbawe ya kuta za Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale. Ugumu wake ni 3 tu. Kwangua unga kidogo wa tumbawe, utilie ndimu, utaona vipovu. Jambo hilohilo hutokea kwenye marumaru, ila kwa udogo usioonekana. Ndimu ikikaa dakika chache juu ya marumaru iliyong'arishwa, huacha alama iliyofifia, kavu, isiyong'aa. Hakuna dawa ya kuziba itakayozuia hilo, kwa sababu dawa huziba vinyweleo, haigeuzi madini. Muuzaji akikuambia marumaru yake "imepakwa dawa, haipati kitu", muombe kipande na ndimu moja. Marumaru ni nzuri sana bafuni, kwenye ngazi na kwenye meza ya sebuleni. Kwenye kaunta inayosafishiwa samaki, haifai.

Mawe meusi yanayouzwa kwa jina la graniti mengi kijiolojia ni gabro au doleraiti. Hayo hunywa maji kidogo mno na mara nyingi hayahitaji kuzibwa. Black Galaxy, yenye vimeremeto vya dhahabu, hutoka Andhra Pradesh, India. Kwa uimara ni mawe ya kutegemewa, lakini kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwisha lipa: uso mweusi unaong'aa huonyesha kila tone la maji ya chumvi lililokauka, vumbi, na alama za vidole. Kwa nyumba inayotumia maji ya kisima au ya mkokoteni na yenye watoto wanaojichotea maji, rangi isiyo na usumbufu ni kijivu au kahawia yenye madoadoa. Haivutii sana dukani, lakini huihangaikii kila siku.

Kwatzaiti ni mchanga wa kale ulioshindiliwa kwa joto na mgandamizo wa ardhini hadi ukawa jiwe, na ugumu wake hufika 7. Ni jiwe zuri, ila jina lake hutumiwa vibaya. Kuna mabamba meupe yanayouzwa kwa jina hilo ilhali ni marumaru. Ukiwa na kipande, jaribu kukwaruza chupa kwa ncha yake. Kwatzaiti hukwaruza kioo, marumaru haiwezi.

Kwatzi ya kiwandani si jiwe la asili. Ni chembe za kwatzi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90, zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki. Hainywi mafuta wala haidhuriwi na ndimu, lakini gundi hiyo haipendi moto: karai la viazi likitoka jikoni moja kwa moja hadi juu yake huacha alama ya manjano ya kudumu. Terazo, kwa kuwa ni simenti na mara nyingi vipande vya marumaru, itendee kama marumaru.

Na jiwe la Mazeras? Ni jiwe la mchanga, linapendeza uani, kwenye njia ya kuingilia na ukutani. Kwa kaunta liache. Lina vinyweleo vingi, litakunywa samli ya mwezi mzima.

Majaribio ya kufanya kabla ya kulipa

Usinunue kwa kuangalia sampuli ndogo ya dukani peke yake. Nenda yadini, chagua bamba lenyewe, kisha omba kipande kilichokatwa kutoka bamba hilo au la kundi moja nalo. Kichukue nyumbani, kioshe, kikaushe siku nzima, halafu kijaribu hivi.

Maji: weka matone makubwa sehemu tatu tofauti, subiri dakika 15, kisha futa. Pakibaki alama nyeusi ya unyevu, jiwe linakunywa na litahitaji kuzibwa. Pakibaki safi, hali ni njema. Alama ikiingia ndani ya dakika moja au mbili, tafuta jiwe jingine.

Mafuta: tone la mafuta ya kupikia, liache usiku kucha. Maji hukauka yakaondoka. Mafuta hubaki, kwa hiyo jaribio hili ndilo lenye ukweli zaidi kwa jiko la kukaangia.

Ndimu: tone moja, dakika 15, osha, kisha inamisha kipande mbele ya dirisha ili mwanga uteleze juu yake. Ukitazama kutoka juu moja kwa moja hutaona kitu. Mng'aro ukiwa umekatika pale palipokuwa na tone, jiwe hilo lina kalsaiti, liitwe jina lolote liitwalo.

Asetoni: hii ni kwa mawe meusi tu. Lowesha pamba nyeupe kwa asetoni, ileile ya kutolea rangi ya kucha, usugue kwa nguvu. Pamba ikishika weusi, bamba limetiwa rangi ili lionekane jeusi zaidi. Rangi hiyo itachujuka kwa viraka, kwanza karibu na sinki.

Bamba lenyewe likague juani, si chini ya taa za dukani. Lirushie maji kidogo halafu lisubiri likauke. Ufa hubaki na mstari mweusi wenye unyevu baada ya sehemu nyingine kukauka, ilhali mshipa wa asili hukauka sawa na jiwe lote. Pitisha ukucha: mshipa haushiki ukucha, ufa hushika. Geuza uone mgongo wake. Ukikuta wavu wa nyuzi uliogandishwa kwa gundi, jua kwamba jiwe hilo ni dhaifu kiasi na kiwanda kimelisaidia. Si kasoro ya kulikataa, lakini halifai kwa kaunta inayoning'inia bila nguzo.

Ukishachagua, andika jina lako ubavuni mwa bamba na ulipige picha. Mabamba ya kundi moja hufanana, ya kontena jingine huenda yakawa na rangi nyingine kabisa.

Vipimo, uzito na bei

Mita ya ujazo ya graniti ina uzito wa takribani tani 2.7. Hii maana yake ni kwamba mita mraba ya bamba la milimita 20 ni kilo 54, na la milimita 30 ni kilo 81. Bamba la urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 65 na unene wa milimita 20 lina karibu kilo 84. Kwa orofa ya nne isiyo na lifti unahitaji watu wanne na ngazi iliyo wazi, na bamba hubebwa likiwa limesimama kwa ubavu, kamwe si la kulazwa. Likilazwa, uzito wake wenyewe hulivunja katikati. Kwenye mkokoteni au pikapu pia lisimamishwe, liegemee fremu ya mbao yenye magunia.

Kuna mtego wa upana. Mabamba mengi ya bei nafuu hukatwa tayari kwa upana wa sentimita 60. Kabati za jikoni nazo kwa kawaida zina kina cha karibu sentimita 60 pamoja na milango. Kaunta inatakiwa itokeze mbele ya mlango kwa sentimita 2 hadi 4 ili maji yasichuruzike juu ya mbao. Kwa hiyo unataka upana wa sentimita 62 hadi 65, na hilo liseme kabla bei haijakatwa.

Uliza pia bei inahesabiwa vipi. Wengine huuza kwa futi ya urefu, wengine kwa mita mraba, na ulinganishaji hauwezekani mpaka ubadilishe zote ziwe kipimo kimoja. Kisha uliza kama ndani yake mna ukingo, tundu la sinki, tundu la jiko la gesi, ubao wa ukutani wa sentimita 10, usafiri na upachikaji. Tundu la sinki la chini ya jiwe hugharimu zaidi kwa sababu kingo zake za ndani lazima zing'arishwe.

Kuhusu unene, milimita 20 inatosha juu ya slebu ya zege au kabati imara. Mahali panapoachwa wazi kwa ajili ya viti, jiwe la milimita 20 lisitokeze bila tegemeo zaidi ya sentimita 15 hivi, na la milimita 30 lisizidi 25. Zaidi ya hapo weka mabano, na yawe ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikishika kutu huvimba, na kikivimba chini ya jiwe hulipasua kutoka ndani. Pwani jambo hili halichukui miaka mingi.

Ukingo wa mviringo ni bora kuliko wa pembe kali, na sababu si urembo tu. Ukingo mkali humeguka upesi, hasa nyumba ambayo mtu huvunja nazi kwa kuigonga kwenye kaunta. (Apewe jiwe lake au mgongo wa panga.) Muombe fundi akate mfereji mdogo upande wa chini, sentimita moja au mbili kutoka ukingoni, wenye kina cha milimita 5. Maji yakimwagika hudondokea hapo badala ya kufuata jiwe hadi kwenye kabati. Ni kazi ya dakika chache, na wachache sana huiomba.

Msingi: hapa ndipo kaunta nyingi huharibikia

Jiwe likipasuka baada ya kupachikwa, mara nyingi tatizo liko chini yake.

Majiko mengi huku yana slebu ya zege iliyojengwa juu ya kuta fupi, na jiwe hulazwa juu yake. Zege mpya iachwe siku 28 kabla ya kuwekewa jiwe. Ikiwekewa mapema, unyevu wake hupanda kupitia jiwe. Kwenye graniti nyeusi huonekana kama kivuli kinachokuja na kuondoka, kwenye jiwe jeupe hubaki kama doa. Mchanga uliotumika ukiwa ni wa pwani usiooshwa, chumvi nayo hupanda na kutoka kwenye viungo kama unga mweupe. Unaufagia leo, kesho kutwa umerudi. Hakuna dawa ya juu inayoutibu, kwa hiyo simamia mchanga mapema.

Kosa la pili ni mabonge. Fundi mwenye haraka huweka mabonge matano au sita ya mota na kulaza bamba juu yake. Linakaa sawa, pimamaji inasema sawa, lakini kati ya bonge na bonge kuna hewa. Siku kinu kitakapotwangiwa hapo, au mtu atakapopanda kubadilisha taa, litavunjika palepale penye uwazi. Gundi ya mawe ienezwe kote kwa mwiko wa meno ya milimita 10, na mgongo wa jiwe nao upakwe tabaka jembamba. Kwa mawe ya rangi hafifu tumia gundi nyeupe, kwani simenti ya kijivu huonekana kupitia jiwe. Kesho yake gonga kaunta yote kwa sarafu: mlio mzito ni mzuri, mlio wa debe maana yake kuna uwazi. Usikubali kumaliza malipo kabla ya kugonga.

Juu ya kabati za mbao mambo ni mengine. MDF ya kawaida, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hunyonya unyevu wa hewa ya Mombasa ikavimba hata bila kumwagiwa maji, na upande mmoja ukivimba kwa milimita 3 jiwe huwa limeegemea kona moja. Tumia plaiwudi ya baharini, angalau kwa kabati la sinki. Sehemu za juu za kabati zisipishane zaidi ya milimita 3 katika urefu wa mita 3. Mahali panapohitaji kuinuliwa, weka vipande vya plastiki. Vya mbao na karatasi ngumu hujaa maji na kuoza. Jiwe hushikwa kwa matone ya silikoni kila baada ya sentimita 20 hadi 30.

Silikoni nayo ina aina mbili. Ile yenye harufu kali ya siki inatoa asidi inapokauka, na itakula ukingo wa marumaru. Kwa marumaru nunua isiyo na asidi. Harufu yenyewe itakuambia ukifungua kifuniko.

Kuta za nyumba za zamani, hasa za matumbawe, hazijanyooka. Usimpe fundi urefu na upana pekee. Atengeneze kigezo cha plaiwudi nyembamba au boksi gumu, kikae palepale kaunta itakapokaa, na jiwe likatwe kwa kukifuata. Acha nafasi ya milimita 3 ukutani, uijaze silikoni, si simenti. Simenti ni ngumu, itapasuka mara ya kwanza jengo likijongea, na maji yatapata njia.

Matundu, viungo na vumbi

Kona za ndani za tundu la sinki au jiko lazima ziwe za mviringo. Fundi aanze kwa kutoboa tundu kwenye kila kona, kisha aunganishe kwa kukata. Akikatisha grenda hadi ikapishana konani, ataacha mkato mdogo ambao ndio chanzo cha ufa wa miezi ijayo. Mbele na nyuma ya tundu pabaki angalau sentimita 7 za jiwe. Sehemu hizo nyembamba ndizo huvunjika njiani. Zifungwe ubao kwa klampu wakati wa kubeba, na kwa jiwe dhaifu ziwekewe fito za nyuzi za kioo (fibaglasi) upande wa chini. Fito za chuma cha kawaida zikatae, kwa sababu iliyotajwa ya kutu.

Kiungo cha mabamba mawili kisipite katikati ya sinki, ingawa ni rahisi kwa fundi. Kiwe na upana wa milimita 2 au chini, kijazwe epoksi, gundi ngumu ya kuchanganywa, iliyotiwa rangi ya jiwe. Kwa joto letu epoksi hukauka haraka kuliko muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo.

Ukataji ufanywe kwa maji. Vumbi la graniti lina silika, na la kwatzi ya kiwandani lina silika nyingi zaidi. Ukilivuta ndani kwa muda mrefu huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Ni kwa sababu hiyo Australia ilipiga marufuku mawe ya kiwandani kuanzia Julai 1, 2024. Kukata kwa grenda kavu ndani ya korido ya ghorofa ni kuwadhuru majirani, na fundi mwenyewe ndiye anayeumia kuliko wote. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo.

Kupaka dawa ya kuziba

Jiwe lililofaulu jaribio la maji na la mafuta liache lilivyo. Dawa juu ya jiwe lisilonyonya hubaki usoni ikakauka kama ukungu, na hapo umejitafutia kazi.

Kwa linalonyonya, nunua dawa inayopenya ndani, si vanishi inayofunika juu. Vanishi hukwaruzika na kubambuka. Msimu wa kaskazi wenye hewa kavu ni bora kuliko miezi ya mvua, kwa kuwa jiwe lenye unyevu ndani halipokei dawa. Safisha kaunta, ondoa mafuta yote, iache bila maji saa 24. Fanya kazi asubuhi, feni ikiwa imezimwa na madirisha wazi. Paka mita mraba moja tu kwa wakati kwa kitambaa cheupe, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kawaida dakika 5 hadi 15, kisha futa yote kwa kitambaa kikavu hadi uso uwe haunati. Kosa la wengi ni kuiacha "inyonywe vizuri". Inayobaki juu hugeuka utando, na joto la Mombasa huiharakisha. Ikiwa imeshaganda, paka dawa mbichi kidogo juu yake, sugua mara moja na ufute. Mpya hulainisha ya zamani.

Rudia tabaka la pili ukiona jiwe bado linakunywa. Usimwage maji kwa saa 24. Baada ya hapo, kila miezi 6 rudia jaribio la tone la maji karibu na sinki na jiko, na upake tena pale tu tone litakapoanza kuacha kivuli.

Kila siku

Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, kisha kausha. Kukausha ndiko kunakosahaulika, na ndiko kunakozuia ile chokaa nyeupe kuzunguka bomba. Sabuni ikizidi huacha utando wa kijivu unaofanya graniti ionekane imechakaa. Suuza kwa maji matupu.

Steelwool usiitumie. Hukwaruza marumaru, na kwenye jiwe lolote huacha nyuzi za chuma zinazoshika kutu. Poda za kusugulia na blichi ya kila siku ziache pia. Blichi isichanganywe kamwe na ndimu, siki au amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Sufuria za alumini zikiburutwa juu ya jiwe la rangi hafifu huacha mistari ya kijivu inayofanana na mikwaruzo. Si mikwaruzo, ni alumini iliyobaki juu ya jiwe. Kwenye graniti hutoka kwa uji mzito wa baikaboneti na maji, ukisuguliwa taratibu kwa kitambaa.

Graniti huvumilia moto, lakini weka kibao chini ya karai hata hivyo. Joto kali likitua mahali pamoja, hasa karibu na kona ya tundu la sinki, hutanua sehemu hiyo peke yake na jiwe likapasuka. Kinu kitwangiwe sakafuni.

Madoa na bandiko

Doa lililoingia ndani halitoki kwa kusugua. Linahitaji kuvutwa nje kwa bandiko: poda inayonyonya pamoja na kiyeyushi. Poda iwe ya mtoto, kaolini (udongo mweupe laini) au baikaboneti. Unga wa ngano hufanya kazi pia, ila kwa unyevu wetu utavunda na kualika sisimizi.

Kiyeyushi hutegemea doa. Mafuta, samli na tui: asetoni, mbali na moto, jiko la gesi likiwa limefungwa kwenye mtungi. Chai, kahawa, manjano, ukwaju na utomvu wa kumbi la nazi: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 kutoka duka la dawa. Kwa mawe meusi jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani huweza kufifisha rangi.

Kwa doa la ukubwa wa kisahani:

1. Safisha na ukaushe. Lowesha doa kwa maji safi. Kwa doa la mafuta, lowesha kwa asetoni.
2. Changanya vijiko vitatu vya mezani vya poda na kiyeyushi kidogo kidogo hadi iwe nzito kama siagi ya njugu.
3. Paka unene wa milimita 6, upite ukingo wa doa kwa sentimita 2 pande zote.
4. Funika kwa plastiki, bandika kingo kwa tepu, toboa vitundu vichache kwa pini.
5. Acha saa 24 hadi 48. Kisha ondoa plastiki uache bandiko likauke kabisa, hata ikichukua siku nyingine. Doa huvutwa wakati wa kukauka, kwa hiyo ukilitoa bichi umepoteza muda.
6. Kwangua kwa kadi ya plastiki, suuza, kausha, tazama.

Doa la zamani huhitaji kurudiwa mara mbili, tatu, hata nne. Kila mara likififia kidogo, endelea. Manjano yakigeuka mekundu ulipoyagusa kwa sabuni usishtuke. Ndivyo yafanyavyo penye alkali. Jua nalo huyafifisha, kama linavyofanya kwenye kanzu iliyoanikwa, kwa hiyo kaunta iliyo karibu na dirisha ina bahati. Doa likiisha, paka dawa ya kuziba mahali hapo, kwani bandiko limeitoa.

Kutu ni kesi nyingine. Baadhi ya dawa za kutoa kutu nguoni zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hula hata graniti na huunguza ngozi vibaya sana. Soma kopo, na ukiona jina hilo rudisha rafuni. Kutu iliyotoka kwenye mkebe uliosahauliwa juu ya kaunta yenye maji, fundi wa mawe anaweza kuipunguza kwa dawa maalum. Iliyotoka ndani ya jiwe itarudi.

Chokaa ya maji ya kisima kwenye graniti iliyong'arishwa hutolewa kwa wembe mpya: lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe karibu ubapa, sukuma mbele taratibu bila kukandamiza. Kwenye marumaru wembe utakwaruza na ndimu itakula, kwa hiyo hapo njia ni kulowesha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwa nusu saa, kukwangua kwa plastiki, na kurudia.

Alama ya ndimu kwenye marumaru, ile iliyofifia, haina bandiko. Ikiwa ndogo na ukiipitishia ukucha hausikii kitu, poda ya kung'arishia marumaru inaweza kurudisha mng'aro: kijiko kimoja cha chai, maji kidogo, kitambaa kinene, kusugua kwa mzunguko dakika tano hadi kumi, kisha kusuuza. Ukucha ukisikia mkwaruzo, fundi lazima asugue upya kwa diski za almasi kuanzia zenye chembe kubwa hadi laini. Alama zikiwa zimetapakaa kote, mwambie aiache kaunta nzima bila mng'aro. Ndimu ijayo itaacha alama bado, ila haitaonekana sana.